Kutoka Volti 6 hadi Volti 12: Umeme wa Trekta Kuukuu na Mizani ya Istilahi

Utangulizi

Mara kwa mara husikika katika kumbi zetu za mihadhara kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi, ya mapenzi na ya siasa, lakini mtu akitaka kuzungumzia injini hana budi kuhamia lugha nyingine. Dai hili halijibiwi kwa hamasa. Hujibiwa kwa kuichukua kazi moja ya mikono, kuieleza kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, kisha kutazama ni wapi lugha ilitutosheleza na ni wapi tulilazimika kuazima.

Kazi tuliyoichagua katika makala haya ni kuubadilisha mfumo wa umeme wa trekta kuukuu kutoka volti 6 hadi volti 12. Sababu ya uteuzi huu ni kwamba hii ni kazi ambayo neno moja likikosewa, kifaa huungua au cheche hurukia karibu na tangi la petroli. Kwa hivyo usahihi wa lugha hapa si pambo. Ni kinga ya mali na ya uhai.

Trekta yenyewe

Mfano wetu ni trekta aina ya Ford 8N, iliyoundwa katika jimbo la Michigan, Marekani, kati ya mwaka 1947 na 1952. Zaidi ya trekta nusu milioni za aina hii zilitengenezwa. Asili yake ni mapatano ya mwaka 1938 kati ya Henry Ford na Harry Ferguson, mvumbuzi mzaliwa wa Ireland, ambayo inasimuliwa kuwa yalifungwa kwa kupeana mikono tu bila mkataba wa maandishi. Matunda ya mapatano hayo yalikuwa Ford 9N ya mwaka 1939. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia urafiki huo ulivunjika, Ferguson akaenda mahakamani, na mwaka 1952 kesi ikamalizwa kwa kampuni ya Ford kukubali kulipa dola milioni 9.25.

Wakati huo Ferguson alikuwa ameanza kuunda trekta yake ndogo ya TE20 mjini Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946. Matoleo ya awali ya TE20 nayo yalitumia volti 6. Jina la mvumbuzi huyu halijafutika: wakulima wetu wa Trans Nzoia na Uasin Gishu hulitamka kila wanapoitaja Massey Ferguson.

Ford 8N zilizosalia zingali zinalima, zinafyeka nyasi na kuvuta matela katika mashamba madogo ya Marekani. Injini zake ni imara, lakini umeme wake huwasumbua wenyewe. Asubuhi ya baridi stata huzunguka kwa uvivu, taa humulika kama kibatari, na dainamo hushindwa kuichaji betri injini inapozunguka polepole. Hapo ndipo mwenye trekta anapoanza kuwazia volti 12, mfumo ambao magari ya Marekani yaliuhamia katika miaka ya 1950. Magari ya Ford, kwa mfano, yaliuhamia mwaka 1956.

Kwa nini volti 12?

Ili kuielewa tofauti, ni sharti tutenganishe dhana tatu ambazo mazungumzo ya kawaida huzichanganya na kuziita zote "umeme". Dhana ya kwanza ni volti, yaani shinikizo linalousukuma umeme. Ya pili ni mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita, nao hupimwa kwa ampea. Ya tatu ni ukinzani, yaani jinsi waya au kifaa kinavyouzuia mkondo huo, nao hupimwa kwa omu. Mfano wa maji husaidia: volti ni urefu wa mnara wa tangi, mkondo ni wingi wa maji bombani, na ukinzani ni wembamba wa bomba au kutu iliyomo ndani yake.

Nguvu ya kifaa hupatikana kwa kuzidisha volti kwa mkondo. Tuchukue taa ya wati 35. Katika volti 6, taa hiyo huhitaji mkondo wa karibu ampea 5.8. Katika volti 12, huhitaji ampea 2.9 tu, nusu ya ule wa kwanza, ilhali mwangaza ni ule ule.

Sasa tuseme kwamba waya wa taa hiyo, kwa sababu ya uzee na kutu kwenye viungo vyake, una ukinzani wa omu 0.2. Volti inayopotea njiani ni mkondo ukizidishwa kwa ukinzani. Katika mfumo wa volti 6, inapotea takriban volti 1.2, yaani karibu moja kwa tano ya shinikizo lote. Katika mfumo wa volti 12, inapotea takriban volti 0.6, ambayo ni sehemu moja tu kwa ishirini. Nguvu inayogeuka kuwa joto katika waya hupungua hata zaidi: kutoka karibu wati 6.8 hadi wati 1.7, yaani robo.

Kanuni hii ndiyo inayotumika kuusafirisha umeme wa mabwawa ya mto Tana kwa volti 132,000 na 220,000 kabla ya kuushusha hadi volti 240 za majumbani mwetu. Shinikizo likipanda mkondo hushuka, na mkondo ukishuka hasara ya njiani hupungua. Trekta na gridi ya taifa hutii sheria moja.

Je, mabadiliko ni ya lazima?

Hapa yafaa tuseme kweli. Mfumo wa volti 6 hauna kasoro ya kimaumbile. Trekta hizi ziliondoka kiwandani zikiwaka vizuri, na zikafanya kazi hivyo kwa miaka mingi. Aghalabu udhaifu unaolaumiwa kuwa wa volti 6 ni udhaifu wa viungo vilivyoshika kutu, nyaya nyembamba zilizobandikwa na mtu asiyejua, au betri iliyozeeka. Kwa kuwa mkondo wa mfumo huu ni mkubwa, kutu kidogo huuathiri sana, kama mfano wetu wa taa ulivyodhihirisha.

Kwa hivyo, kabla ya kununua kitu chochote, mwenye trekta azisugue ncha za betri, akikwangue kiungo cha waya na mwili wa trekta mpaka chuma king'ae, na abadilishe nyaya nyembamba za stata kwa nene. Mara nyingi maradhi huishia hapo. Anayebadilisha volti bila kusafisha viungo huhamisha ugonjwa, hautibu.

Hata hivyo zipo sababu za haki za kubadilisha. Betri na balbu za volti 12 hupatikana kila mahali ilhali za volti 6 hutafutwa. Trekta iliyokwama yaweza kuwashwa kwa kuazima umeme wa gari lolote la jirani. Alteneta huchaji hata injini inapozunguka taratibu.

Ncha ya betri na mwili wa trekta

Katika trekta, umeme hutoka betrini kwa waya, ukapita katika kifaa, kisha ukarudi betrini kupitia chuma cha mwili wenyewe. Ncha moja ya betri hufungwa moja kwa moja kwenye mwili huo. Katika Ford 8N ilivyoundwa, ncha iliyofungwa mwilini ni ya chanya. Alteneta za kawaida za volti 12 hutaka kinyume chake: hasi ndiyo ifungwe mwilini.

Tofauti hii si ndogo. Ndani ya alteneta mna diodi, vifaa vinavyouruhusu mkondo upite upande mmoja tu, kama mlango unaofunguka kwa kusukumwa na kugoma kwa kuvutwa. Betri ikifungwa kinyume, mkondo mkubwa hupita katika diodi hizo na kuziunguza papo hapo. Kosa la sekunde moja hugharimu alteneta nzima.

Je, vifaa vingine vitaathirikaje hasi na chanya zikibadilishana nafasi? Balbu haijali, huwaka kwa mkondo wa upande wowote. Amita itasoma kinyume, ikionyesha betri inapungua inapochajiwa, hivyo nyaya zake mbili hubadilishwa. Koili yenye alama mbili hubadilishiwa nyaya pia, ili ncha ya hasi ndiyo iende kwenye distributa. Geji ya shinikizo la oili haitumii umeme hata kidogo, basi haiguswi.

Na stata? Wengi hudhani itazunguka kinyumenyume. La hasha. Katika stata ya trekta hii, sumaku zote mbili, ile iliyotulia na ile inayozunguka, huundwa na mkondo wenyewe. Mkondo ukigeuzwa, zote mbili hugeuka pamoja, na msukumano baina yao hubaki ule ule. Ni kama hasi mbili katika hesabu: zikizidishana, jawabu ni chanya.

Sehemu zinazobadilishwa

Betri. Betri ya volti 6 ina vyumba vitatu, kila kimoja kikitoa takriban volti 2.1; ya volti 12 ina vyumba sita. Fundi apime kwanza nafasi iliyopo, kwa sababu betri ya 8N hukaa chini ya boneti, karibu na tangi la petroli. Betri ndefu mno yaweza kuigusisha ncha yake na chuma, na cheche itakayotokea haitakuwa na subira.

Alteneta. Hii huchukua mahali pa dainamo. Kidhibiti volti cha zamani huondolewa pia, kwa kuwa alteneta nyingi zina kidhibiti chao ndani. Puli ya alteneta sharti ilingane kwa mstari na puli ya injini. Ikipinda, mkanda wa feni utalika na kuruka. Waya unaotoka kwenye alteneta kwenda upande wa betri uwe mnene wa kutosha, maana alteneta yaweza kutoa mkondo mkubwa kuliko dainamo iliyoondolewa.

Alteneta ya nyaya tatu ina jambo moja linalowashangaza wengi. Waya mwembamba hutoka kwenye swichi ya injini na kuiamsha alteneta ianze kuchaji. Waya huo ukiungwa moja kwa moja, umeme wa alteneta waweza kurudi kinyume hadi kwenye koili, na injini ikaendelea kunguruma hata baada ya swichi kuzimwa. Dawa yake ni kuweka diodi katika waya huo, au taa ndogo ya ishara. Taa ina faida ya ziada: huwaka swichi inapofunguliwa na kuzimika alteneta inapochaji, basi humjulisha dereva hali ilivyo.

Koili. Hapa ndipo penye mtego mkubwa. Koili ya volti 6 yaweza kuwa na ukinzani wa karibu omu 1.5, hivyo hupitisha ampea 4. Ikipewa volti 12 bila kinga, itapitisha ampea 8. Pointi za distributa zitaungua, na koili yenyewe itachemka. Njia za kuliepuka hili ni mbili: kununua koili ya volti 12 yenye ukinzani wa karibu omu 3, au kuiacha ya zamani na kuunga rezista ya omu 1.5 kabla yake. Katika njia zote mbili hesabu hurudi kwenye ampea 4.

Lakini fundi asiyasadiki maandishi peke yake. Zipo koili zilizoandikwa volti 12 ambazo zimekusudiwa kutumiwa pamoja na rezista ya nje, na ukinzani wake ni sawa na wa koili ya volti 6. Aipime kwa mita. Aidha, katika 8N za awali, zile ambazo distributa yake iko mbele ya injini na koili yake ni ya mraba, ipo rezista ya asili nyuma ya dashibodi. Hiyo haiondolewi.

Stata. Stata ya volti 6 huachwa mahali pake. Ikipewa volti 12 itazunguka kwa kasi zaidi na kupata joto upesi, na gia yake itaugonga mduara wa meno wa gurudumu la injini kwa nguvu zaidi. Basi dereva asipige stata kwa muda mrefu. Injini ikikataa baada ya sekunde chache, aache ipoe, kisha atafute sababu.

Taa na fyuzi. Balbu zote za volti 6 hubadilishwa. Ikisahauliwa moja, itamulika vikali mara moja kisha ife. Wakati huo huo ni busara kuongeza fyuzi katika waya wa taa na wa vifaa vilivyoongezwa. Fyuzi ni kiungo dhaifu kilichowekwa makusudi ili kife badala ya trekta.

Utaratibu wa kazi

Haraka haraka haina baraka, na mpangilio wa hatua hapa una sababu zake.

Kwanza, waya wa betri uliofungwa mwilini ndio unaofunguliwa mwanzo, na ndio unaofungwa mwisho. Sababu yake ni hii: fundi akianza na ncha ile nyingine, na spana ikaugusa mwili wa trekta, mkondo wote wa betri utapita katika spana hiyo. Ikumbukwe kwamba betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche.

Pili, fundi achore mchoro wa nyaya zilivyo kabla ya kufungua chochote, na azitie alama. Akili husahau, karatasi haisahau.

Tatu, aondoe dainamo na kidhibiti, afunge alteneta, alinganishe puli na kuukaza mkanda. Nyaya za zamani zisizo na kazi ziondolewe kabisa, zisiachwe zikining'inia.

Nne, ashughulikie koili, amita na balbu kama tulivyoeleza.

Tano, aweke betri mpya, hasi ikielekea mwilini, na aikague mara mbili kabla ya kukaza.

Sita, apime. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Injini ikinguruma, kipimo kipande hadi kati ya volti 13.8 na 14.5. Kisipopanda, alteneta haichaji, na waya wa kuiamsha ndio wa kutazamwa kwanza. Kikipita volti 15, kidhibiti kimeharibika, na injini izimwe kabla betri haijachemka. Hatimaye azime swichi na kuhakikisha kwamba injini inanyamaza.

Mizani ya istilahi

Sasa turudi kwenye swali letu la mwanzo. Istilahi tulizozitumia ni za makundi matatu.

Kundi la kwanza ni maneno yaliyoundwa kutokana na hazina ya lugha yenyewe: mkondo, ukinzani, shinikizo, kidhibiti, chanya, hasi. Haya yana sifa ya kujieleza. Anayejua kitenzi "kinza" hahitaji kufafanuliwa sana ukinzani ni nini. Kazi kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyochapishwa na TUKI mwaka 1990, ilifungua njia katika uwanja huu.

Kundi la pili ni maneno ya karakana: betri, stata, dainamo, alteneta, koili, plagi, fyuzi, spana. Haya hayakusubiri kamati yoyote. Fundi wa jua kali aliyasikia, akayavika irabu za Kiswahili, akayaingiza katika ngeli na kuyanyambulia vitenzi. Yamkini kuna watakaopendekeza yabadilishwe kwa maneno ya Kibantu au ya Kiarabu. Maoni yetu ni kwamba jambo hilo halina tija. Neno linalojulikana na fundi, muuza vipuri na mkulima limekwisha kusanifiwa na matumizi.

Kundi la tatu ndilo la hatari, nalo ni la tafsiri sisisi. Mfano bora ni ile ncha ya betri inayofungwa mwilini. Waingereza huitaja kwa neno lao la udongo, na mafundi wetu wakaliazima kwa kusema "athi". Mfasiri mwenye pupa ataandika "ardhi". Lakini trekta husimama juu ya magurudumu ya mpira. Hakuna umeme wake unaoingia ardhini. Mwanafunzi atakayesoma kwamba ncha ya hasi "hufungwa ardhini" aweza kuuchomeka waya katika udongo akingoja trekta iwake. Ndiyo maana katika makala haya tumesema "mwili wa trekta". "Athi" ya fundi, ingawa ni ya kuazima, ni salama kuliko "ardhi" ya mfasiri, kwa sababu haidai kueleza kile isichokieleza.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kubadilisha trekta kutoka volti 6 hadi volti 12 si kubadilisha betri tu. Ni kubadilisha uhusiano wa shinikizo, mkondo na ukinzani katika kila kifaa, na kila kifaa hulijibu badiliko hilo kwa namna yake: balbu hufa, koili hutaka kinga, stata huvumilia, alteneta haisamehe.

Kuhusu lugha, tumeona kwamba pale tulipokwama hatukukwama kwa uhaba wa maneno. Tulikwama pale ambapo dhana yenyewe haikuwa wazi akilini mwetu, na ilipokuwa wazi neno lilipatikana, ama kamusini ama karakanani. Basi anayetaka kuikuza istilahi ya Kiswahili asikae na kamusi pekee. Aende pia akasimame kando ya fundi, ashike mita mkononi, na aulize kila kitu kinaitwaje na kinafanya nini. Wahenga walinena: mwana wa mhunzi asiposana, huvukuta.